DENIS BURKITT: DAKTARI WA JICHO MOJA ALIYETAZAMA SAHANI ZETU

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Tukiitaja methali hii hapa shuleni, huwa tunafikiria ngoma, mavazi na lugha. Mimi leo nataka kuipeleka jikoni.

Mlezi wa chama chetu alitutaka tulete maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kufa. Wenzangu wengi wamechagua wapigania uhuru, wanariadha na wanamuziki. Nami nimemchagua daktari wa kutoka Ireland, Denis Parsons Burkitt. Najua baadhi yenu mtasema, aah, huyu naye katoka wapi? Subirini kidogo. Mtu huyu alifanya kazi jirani zetu Uganda kwa miaka 20 hivi, na jambo alilolitangaza duniani kote lilitokana na kile walichokula nyanya na babu zetu. Yaani alijulikana Ulaya na Marekani kwa kusifu chakula ambacho sisi hapa Thika na Ruiru tunakikunjia uso.

UTOTO NA MASOMO

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Aliwafunga pete ndogo miguuni ndege wa bustani yake, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege alitawala sehemu gani. Likumbukeni jambo hili la ramani, maana mtoto wa nyoka ni nyoka.

Denis alipokuwa na umri wa miaka 11, vijana walikuwa wakirushiana mawe njiani. Jiwe moja likampiga usoni na kuvunja miwani yake. Madaktari walijitahidi lakini jicho la kulia likapotea, na tangu siku hiyo akaishi kwa jicho moja na jingine la bandia.

Mwaka 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Masomo hayo hayakumwingia vizuri. Huko chuoni akaingia katika kikundi cha wanafunzi waliokuwa wakisali pamoja, na imani ikashika mizizi moyoni mwake. Akaona kwamba Mungu anamwita awe daktari. Akabadilisha masomo, akahitimu udaktari mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata shahada ya upasuaji ya Edinburgh.

Ndoto yake ilikuwa kuja kufanya kazi Afrika. Akaomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza, Afrika Magharibi, akakataliwa kwa sababu ya jicho lake. Ati mtu wa jicho moja hafai. Basi Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, akaingia jeshini kama mpasuaji, na jeshi ndilo lililomleta Afrika Mashariki. Alihudumu hapa Kenya na Somalia. Alipata likizo akaizuru Uganda, akaipenda. Mwaka 1943 alikuwa amemwoa Olive Rogers, muuguzi, nao wakajaliwa mabinti watatu. Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, aliomba tena kazi ya serikali ya koloni. Mara hii akakubaliwa, akapelekwa Uganda.

RAMANI YA KWANZA

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika nchi ya Walango. Hebu fikiria daktari mmoja katika wilaya nzima, wagonjwa wanamiminika kama maji ya Chania wakati wa masika. Mtu mwingine angetibu tu na kulala. Burkitt aliona kwamba wanaume wengi waliokuja na busha walitoka upande wa mashariki wa wilaya, na wachache mno walitoka magharibi. Badala ya kuuliza tu mgonjwa ana nini, akauliza anatoka wapi. Akachora ramani. Kumbe tofauti ilikuwa kubwa ajabu: mashariki karibu wanaume 30 katika kila 100 walikuwa na tatizo hilo, magharibi mmoja tu. Baadaye ilifahamika kwamba busha hilo huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Burkitt aliandika habari hizo mwaka 1951. Swali la wapi likawa silaha yake mpaka kufa.

WATOTO WA MULAGO

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Siku moja mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita aje amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba kila upande wa taya, juu na chini, meno yamelegea. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama kile, na hakuwa na dawa. Majuma machache baadaye alikuwa hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine nje amekaa na mamaye, uso umevimba vilevile. Mmoja anaweza kuwa bahati mbaya, lakini wawili wanataka maelezo.

Akaanza kupekua madaftari ya hospitali. Akaona watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe mwingine tumboni, nao madaktari waliupa kila uvimbe jina lake kama kwamba ni maradhi tofauti. Yeye akasema ni ugonjwa mmoja, ni saratani moja. Akaandika makala yake ya kwanza kuhusu jambo hilo mwaka 1958. Kisha akachapisha karatasi zenye picha na maswali, akazituma kwa hospitali kote Afrika: je, mmeuona ugonjwa huu?

Majibu yalipokuja, akataka kuona kwa jicho lake. Mwezi wa Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala katika gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Wakateremka hadi Afrika Kusini na kurudi, wiki 10, maili 10,000, yaani kama kilomita 16,000, wakazuru hospitali 57. Ramani ilipokamilika ilionyesha ukanda katikati ya Afrika. Ugonjwa ulikuwa wa sehemu zenye joto na mvua, na ulikuwa adimu nyanda za juu zenye baridi. Ndiyo maana hapa Kenya ulionekana zaidi kandokando ya Ziwa na kule Pwani kuliko huku kwetu.

Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria, kwa hiyo watu wakashuku kuna kitu kinachoenezwa. Mwanasayansi Mwingereza, Anthony Epstein, alikuwa amemsikia Burkitt akihutubia London mwezi wa Machi 1961. Akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege. Mwaka 1964 yeye na wenzake wakagundua ndani yake kirusi kipya, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Siku hizi inajulikana kwamba kirusi hicho, kikisaidiana na malaria ya mara kwa mara, ndicho chanzo kikubwa cha ugonjwa huo. Na la kufurahisha zaidi ni kwamba dawa ziliuweza. Watoto waliokuwa wakingoja kufa, baadhi yao walipona kabisa. Mpaka leo dunia nzima inauita ugonjwa huo limfoma ya Burkitt.

KUTOKA KWENYE TAYA HADI KWENYE SAHANI

Mtu mwingine angestaafu na sifa zake. Burkitt aliporudi Uingereza mwaka 1966, alikutana na daktari wa zamani wa jeshi la majini, Peter Cleave. Cleave aliamini kwamba maradhi mengi ya Wazungu yanatokana na sukari na unga mweupe, lakini madaktari wengi walimpuuza. Burkitt alimsikiliza akashtuka, kwa maana alikumbuka miaka yake Mulago. Katika upasuaji wote ule, wagonjwa wa kidole tumbo walikuwa wachache mno. Vijiwe vya nyongo? Adimu. Saratani ya utumbo mpana? Adimu. Bawasiri? Vilevile. Uingereza maradhi hayo yalijaza wodi.

Kwa hiyo akarudia desturi yake. Akawaandikia madaktari wa hospitali za misheni na za serikali katika Afrika na Asia, akawaomba kila mwezi wampe hesabu: mmeona wangapi wenye ugonjwa huu na ule? Picha ikawa ileile. Maradhi hayo yalikuwa machache mashambani, yakaanza kuonekana mijini, na yakawa mengi kwa watu walioshika ulaji wa Kizungu.

Hapa sasa msomaji usicheke. Burkitt, pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na wengine, walianza kupima choo. Naam, haja kubwa! Waliwapa watu vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, kisha wakapima vimechukua muda gani kupita tumboni. Mwaka 1972 wakachapisha matokeo. Waganda wa mashambani walitoa choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Waingereza walitoa gramu mia na kidogo tu, na chakula kilikaa tumboni siku tatu au zaidi.

Tofauti ilitoka wapi? Burkitt alisema ni nyuzinyuzi. Hii ni ile sehemu ya mmea ambayo tumbo letu haliwezi kuisaga: maganda ya mahindi, ngozi ya maharagwe, pumba ya ngano, nyuzi za mboga na viazi vitamu. Nyama haina, maziwa hayana, yai halina, sukari haina. Zamani wataalamu waliiona kama takataka isiyo na faida. Kumbe huvuta maji, hulainisha choo na kukisukuma. Siku hizi tunajua zaidi: bakteria wa utumbo mpana huila, na katika kuila hutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Kiwanda kikikoboa mahindi yakawa meupe pepepe, kinatoa sehemu hiyo na kuwapa kuku na ng'ombe.

RAFIKI YAKE PADRI

Siwezi kumweleza Burkitt nikamwacha Hugh Trowell, maana huyu alikuwa wetu pia. Trowell alizaliwa mwaka 1904, akaja Kenya kama daktari mwaka 1929, akahamia Uganda mwaka 1935 na kufundisha vijana udaktari Mulago na Makerere. Yeye ndiye mmoja wa waliohangaika sana na utapiamlo wa watoto, ule wa tumbo kubwa na nywele nyekundu unaoitwa kwashiorkor. Mwaka 1956 aliandika habari za mgonjwa Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kitu kilichokuwa kigeni kabisa katika Afrika Mashariki ya wakati huo. Leo nani hajahudhuria mazishi ya mtu aliyekufa kwa moyo?

Mwaka 1959 Trowell alifanywa padri wa Kanisa la Anglikana, na mwaka 1960 akatoa kitabu kuhusu maradhi yasiyoambukiza katika Afrika. Baadaye yeye na Burkitt wakaungana tena wakahariri vitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na maradhi. Trowell alifariki mwaka 1989.

MBONA TUSIMEZE TU KILA KITU?

Mwalimu wetu wa bayolojia hutuambia tusikubali jambo kwa sababu mkubwa kasema. Nami nimetafuta upande wa pili.

Kwanza, mwaka 1931 wataalamu John Boyd Orr na John Gilks walitoa ripoti juu ya Wakikuyu na Wamaasai. Wakikuyu, yaani watu wa huku Kiambu na Murang'a, walikula zaidi nafaka, viazi na kunde. Wamaasai walikula maziwa, nyama na damu. Ripoti ikasema wanaume wa Kimaasai walikuwa warefu, wazito na wenye nguvu zaidi. Kwa hiyo chakula cha mimea peke yake si dawa ya kila kitu. Mtoto akilishwa uji wa mahindi mtupu atadhoofu, na Trowell aliwaona wengi wa namna hiyo. Lakini mahindi yakichanganywa na maharagwe, kimoja hukipa kingine protini kilichokosa. Sasa niambieni, mahindi na maharagwe katika sufuria moja ni chakula gani kama si githeri?

Pili, watu wa mashambani wa enzi hizo walitembea na kulima mchana kutwa, hawakuvuta sigara nyingi, na wengi walikufa mapema kwa maradhi mengine kabla saratani haijawafikia. Wakosoaji walimwambia Burkitt kwamba alibebesha nyuzinyuzi mzigo mkubwa mno. Kweli, si kila alilolidai limethibitishwa.

Lakini mengi yamesimama. Kule California, Marekani, kuna Chuo Kikuu cha Loma Linda cha Kanisa la Waadventista wa Sabato, kilichoanzishwa mwaka 1905 kufundisha mambo ya afya. Waumini wengi wa kanisa hilo hawali nyama kabisa au huila kidogo, hawavuti sigara, hawanywi pombe. Kwa kuwa wanafanana kwa mengi na kutofautiana kwa nyama, watafiti wa chuo wakaona hapo pana somo. Tangu mwaka 1974 walifuata watu 34,000 hivi wa California, na tangu 2002 wakafuata wengine 96,000 hivi wa Marekani na Kanada. Mwaka 1992 walitangaza kwamba waliokula njugu mara nyingi kwa wiki walipata ugonjwa wa moyo kwa nusu hivi ya wale waliozila kwa nadra. Mwaka 2001 wakatangaza kwamba wanaume Waadventista wa California waliishi miaka 7 na zaidi kuliko wanaume wengine wa huko, na wanawake miaka 4 na zaidi. Sehemu ya hiyo ni kwa kuacha sigara, lakini chakula nacho kina fungu lake.

Niliposoma habari za njugu nilicheka peke yangu. Makadamia ililetwa karibu na Thika mwaka 1946 na mlowezi Bob Harries, na hapa hapa Thika kuna kiwanda cha kuipakia. Inasafirishwa ng'ambo, sisi tunabaki tunatafuna krispi.

Tena mwaka 2015 watafiti walibadilishana sahani. Wamarekani weusi 20 wakapewa chakula cha mashambani Afrika Kusini, na Waafrika 20 wa mashambani wakapewa chakula cha Kimarekani chenye nyama na mafuta mengi. Kwa wiki mbili tu, dalili za hatari katika utumbo wa Wamarekani zilipungua, na za Waafrika zikapanda. Wiki mbili! Huo ni muda mfupi sana. Na mwaka 2019 uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani ulionyesha kwamba wanaokula gramu 25 hadi 29 za nyuzinyuzi kwa siku hufa kwa uchache kuliko wanaozila kidogo sana, tofauti ikiwa kati ya asilimia 15 na 30.

HABARI HII INATUHUSU VIPI?

Mjomba wangu anaishi Ruiru. Alikuja mjini kijana, akawa makanga, kisha dereva wa matatu za Thika na Nairobi. Chakula chake kwa miaka mingi kilikuwa kile cha stendi: chai ya rangi na mkate mweupe asubuhi, chipsi na soseji mchana, soda kuzima kiu, nyama choma jioni. Alikunywa maji kidogo ili asisimamishe gari. Mwaka uliopita alikatwa kipande cha utumbo kwa sababu ya saratani. Sisemi chipsi ndizo zilizomletea, hakuna daktari awezaye kusema hivyo juu ya mtu mmoja. Lakini daktari alimpa orodha ya vyakula vya kula akipata nafuu: maharagwe, ndengu, managu, terere, nduma, viazi vitamu, uji wa wimbi. Nyanya alipoisikia orodha hiyo alinyamaza muda mrefu. Ilikuwa ni chakula chake, kile ambacho mjomba alikiacha shambani Gatundu alipopanda gari kuja mjini.

Ndiyo nikaanza kumsoma Burkitt. Watu wa eneo letu wamebadilika upesi. Mashamba ya kahawa ya Ruiru yamegeuka mitaa ya magorofa. Unga wa poshomili tunauona wa maskini, ule mweupe wa pakiti ndio wa heshima. Hata hapa shuleni, jina la githeri likitajwa bwalo zima hulalamika, na kwenye kila mkutano wa viranja mtu husimama kutaka mkate uongezwe. Nimewahi kusikia mtu akisema maharagwe ni chakula cha wafungwa. Lo! Daktari mpasuaji alisafiri dunia nzima akiwashauri matajiri wale kama wafungwa hao.

MIAKA YAKE YA MWISHO

Mwaka 1972 Burkitt alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi ya Uingereza, heshima ambayo hutafutwa na wengi. Mwaka 1979 alitoa kitabu kidogo cha kuwakumbusha watu wa kawaida wasisahau nyuzinyuzi, kikauzwa nchi nyingi. Katika mihadhara alipenda kuonyesha picha ya watu wanaopangusa sakafu iliyofurika maji huku bomba liko wazi. Maana yake ni kwamba madaktari wanapangusa, nani atafunga bomba? Kwake yeye kuzuia ugonjwa kulikuwa kukubwa kuliko kupasua, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mpasuaji.

Hakuwa mtu wa majivuno. Alisali kila siku, na sifa zilipomjia alisema alipata msaada wa wengi. Ni kweli, maana ramani zake zilijengwa na mamia ya madaktari na wauguzi wa hospitali ndogo ndogo ambao majina yao hayapo vitabuni, na kwa watoto na wanakijiji waliokubali kupimwa. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82.

Wanachama wenzangu, mimi sisemi tusile nyama Krismasi, wala sisemi mpishi asiboreshe githeri. Aweke vitunguu, aweke karoti, achambue mawe vizuri, hayo nitayatetea kwenye mkutano wa viranja mpaka sauti ikauke. Lakini mtu akitaka githeri iondolewe kabisa ili mkate mweupe uchukue nafasi yake, mimi nitapiga kura ya hapana, na mkono wangu nitauinua juu kabisa.